Ugumba Utokanao na Tezi ya Pituitari: Ushauri kwa Wanawake wa Ufipa na Familia Zao

Mwanamke anapokaa katika ndoa muda mrefu bila kupata ujauzito, uchunguzi wake kwa kawaida huanzia kwenye kizazi, na katika Sumbawanga, kama ilivyo sehemu nyingine nyingi za Tanzania, mazungumzo ya nyumbani, ya dukani na hata ya kliniki huzunguka chango la uzazi, mirija iliyoziba, uvimbe wa kizazi na dawa za kukisafisha. Sehemu kubwa ya hofu hizo ina msingi, kwa kuwa maambukizi yanayoharibu mirija ni chanzo kikubwa cha ugumba katika Afrika Mashariki. Wapo, hata hivyo, wanawake ambao kizazi chao ni kizima, mirija iko wazi, na ovari, yaani vifuko vinavyohifadhi mayai, bado zina mayai ya kutosha, lakini mayai hayo hayapevuki kwa sababu amri ya kuyapevusha haifiki. Amri hiyo hutoka katika tezi ya pituitari, na mwanamke ambaye tezi yake imeharibika anaweza kunywa dawa za kizazi mwaka hata mwaka bila faida yoyote, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kumdhoofisha.

Tezi hiyo haizidi ukubwa wa punje ya njegere, nayo imelala ndani ya kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, ikipakana kwa juu na mishipa inayopeleka habari za macho kwenye ubongo. Licha ya udogo wake, ndiyo inayoendesha tezi nyingine kwa kutuma homoni, yaani kemikali zinazosafiri katika damu na kuamrisha viungo vilivyo mbali. Sehemu yake ya mbele hutoa homoni mbili zinazochochea ovari, zinazojulikana kwa vifupisho vya FSH na LH. Hutoa pia homoni inayoamsha tezi ya thairoidi iliyo shingoni, nyingine inayoziamrisha tezi za adrenali zilizo juu ya figo zitengeneze kotisoli, nyingine ya ukuaji, na prolaktini, ambayo kazi yake kuu ni kutengeneza maziwa ya mama. Sehemu ya nyuma hutoa homoni inayozuia mkojo kupita kiasi, pamoja na oksitosini, inayokaza misuli ya kizazi wakati wa kujifungua na ambayo wakunga wanaifahamu vizuri, kwa kuwa ndiyo sindano anayochomwa mama mara mtoto anapozaliwa ili asitokwe na damu nyingi.

Maradhi ya tezi hii ni mengi, lakini kwa mwanamke anayetafuta mtoto mawili ndiyo yenye uzito zaidi: prolaktini kuzidi, na tezi yenyewe kufa kwa sababu ya damu nyingi iliyopotea katika uzazi uliotangulia. La pili halizungumzwi sana, ingawa kwa mazingira ya Ufipa ndilo linalostahili kufikiriwa mapema.

Katika ujauzito tezi ya pituitari huongezeka ukubwa, kwa sababu chembe zinazotengeneza prolaktini huwa nyingi kuliko kawaida, na mahitaji yake ya damu hupanda ilhali mishipa inayoilisha haiongezeki kwa kiasi hichohicho. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hadi shinikizo la damu likaporomoka, tezi iliyokuwa tayari na njaa ya damu hunyauka, sehemu yake au karibu yote, ndani ya saa chache. Mwanapatholojia Harold Sheehan, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wazazi ya Glasgow, alieleza hali hii mwaka 1937 baada ya kuchunguza miili ya wanawake waliokufa kufuatia uzazi mgumu, na hadi leo ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Katika nchi ambako chupa ya damu hupatikana muda mfupi baada ya kuhitajika, umekuwa nadra sana. Pale ambapo mama anayevuja damu bado ana safari mbele yake kabla ya kufika penye benki ya damu, haujakoma.

Jiografia ya mkoa wa Rukwa, ilipo Ufipa, inaonyesha wazi kwa nini. Sumbawanga, palipo na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na hospitali ya Jimbo Katoliki iliyopewa jina la Dk. Atiman, iko juu ya uwanda, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, wakati vijiji vingi viko chini: upande mmoja Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye maeneo kama Muze na Mtowisa, na upande mwingine mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabwe na Kirando hadi Kasanga. Barabara za kupanda kutoka huko hupita kwenye kingo kali za milima, na wakati wa masika gari hukawia. Mama anayeokolewa kwa shida baada ya safari kama hiyo huhesabiwa kuwa amepona, naye hurudi kwake akimshukuru Mungu, bila mtu yeyote kufikiri kwamba ndani ya fuvu lake kipo kitu kilichokwisha kufa.

Dalili ya kwanza ni maziwa kutotoka. Mtoto huwekwa kifuani, hunyonya, hulia, na matiti hayajai hata siku ya tatu na ya nne; wanawake wa nyumbani humpa mama uji, supu na chai kwa wingi, na inaposhindikana, jambo huachwa hapo. Ya pili ni hedhi kutorudi, jambo ambalo kwa miezi ya mwanzo halimshangazi mtu, maana mama wengi wanaonyonyesha hawaoni siku zao. Kisha nywele za kwapani na za sehemu za siri zikinyolewa hazioti tena, au huota chache na laini, na hii ni dalili ambayo mwanamke huijua mwenyewe lakini huona haya kuitaja mpaka aulizwe. Huja pia uchovu usiokwisha kwa kulala, ngozi kuwa kavu na kufifia rangi, kizunguzungu cha kusimama, hamu ya tendo la ndoa kupotea, na baridi. Hiyo baridi ina hila yake katika Ufipa, kwa kuwa mwezi wa Juni na Julai Sumbawanga nzima huvaa sweta, na anayejifunika zaidi ya wenzake haonekani kuwa na neno. Ila mwanamke anayeteremka bondeni, mahali ambapo wengine wanajipepea kivulini, naye bado amejitanda vitenge viwili mchana wa jua kali, anapaswa kupelekwa kwa daktari, hata kama halalamiki maumivu popote.

Kwa kuwa dalili hizi huja polepole na moja moja, inaweza kupita miaka 10 au zaidi kabla ya ugonjwa kutambuliwa, na mara nyingi hutambuliwa siku mwanamke anapopata malaria kali au anapofanyiwa upasuaji mdogo, akazimia na kushindwa kuinuka. Kwa sababu hiyo, mwanamke anayekwenda kliniki kwa ajili ya ugumba, na aliyewahi kuzaa hapo awali, anashauriwa kuyaeleza mazingira ya uzazi wake wa mwisho kabla hata ya kuulizwa: kama alivuja damu nyingi, kama alipoteza fahamu, kama aliongezewa damu, kama maziwa yalitoka, na kama hedhi ilirudi. Yeye mwenyewe anaweza asikumbuke, kwa vile hakuwa na fahamu timamu; mama yake mzazi, shangazi au wifi aliyekuwa naye siku ile anakumbuka, na inafaa aandamane naye. Kadi ya zamani ya kliniki ichukuliwe pia kama bado ipo. Inapasa vilevile kutaja kama aliwahi kutumia sindano ya uzazi wa mpango, kwa kuwa sindano hiyo peke yake huweza kuzuia hedhi kwa miezi mingi baada ya kuachwa, na kama aliwahi kuumia kichwa katika ajali, maana pigo kubwa la kichwa nalo huweza kuijeruhi tezi.

Baada ya hapo ndipo linapokuja jambo ambalo makala haya yanalikazia kuliko mengine yote, nalo ni mpangilio wa matibabu. Mwanamke na familia yake huja na haja moja, mtoto, na daktari mwenye huruma huweza kuvutwa aanze na hiyo. Kwa mwenye tezi iliyokufa, kuanza na uzazi ni hatari. Homoni ya kwanza kurejeshwa lazima iwe kotisoli, kwa sababu ndiyo inayouwezesha mwili kustahimili homa, njaa, maumivu na uchungu wa kujifungua. Anayeikosa huweza kufa kwa ugonjwa ambao mwingine angeumaliza kwa siku mbili. Ya pili ni homoni ya thairoidi. Mpangilio huu haupinduliwi, kwa kuwa thairoksini ikitolewa kwanza huharakisha shughuli za mwili na kuteketeza kotisoli ile ndogo iliyobaki, na mgonjwa aliyekuwa mchovu tu huanguka ghafla katika hali ya kufa na kupona. Uzazi ni wa tatu. Mume au mama mkwe anayeuliza kwa nini miezi inapita kwa vidonge visivyohusu mimba anastahili kuelezwa hivyo kwa uwazi, na pengine ni vizuri maelezo hayo yatoke kinywani mwa daktari mwenyewe, mbele ya wote, ili lawama isimwangukie mwanamke.

Kotisoli hupimwa katika damu inayochukuliwa asubuhi, kama saa 2, wakati ambapo kwa mtu mzima wa afya huwa juu, ingawa aliyezidiwa hachelewi kutibiwa kwa kungoja majibu. Dawa inayofaa zaidi ni vidonge vya haidrokotisoni. Visipopatikana, prednisoloni ya kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 3 hadi 5 kwa siku, hufanya kazi hiyo, nayo hupatikana kwa urahisi. Wanawake wengi huiogopa kwa kuwa wameona watu wakivimba uso na kunenepa kwa sababu yake. Hofu hiyo inatokana na dozi kubwa zinazotolewa kwa pumu na maradhi mengine, au na vidonge vya aina hiyo vinavyonunuliwa kiholela kwa ajili ya kuongeza mwili. Dozi ya kujazia pengo ni ndogo, hairudishi zaidi ya kile ambacho mwili ungejitengenezea, na kuiacha ghafla ni hatari kuliko unene wowote. Inafaa kuongeza hapa kwamba mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi zenye dawa za jamii hiyohiyo, zikipakwa mwili mzima kwa miaka, huweza kuilaza tezi ya pituitari hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvuja damu, na daktari anayechunguza kotisoli ndogo anapaswa kuambiwa ukweli kuhusu krimu hizo.

Kuhusu thairoidi, upo mtego mmoja wa maabara. Kipimo kinachozoeleka ni cha TSH, yaani ile homoni ya pituitari inayoiamsha thairoidi, na kwa watu wengi TSH ikiwa ya kawaida thairoidi nayo huhesabiwa kuwa salama. Kwa mwenye pituitari mbovu kipimo hicho kinapotosha, maana mtoa amri mwenyewe ndiye mgonjwa. Lazima ipimwe thairoksini yenyewe katika damu, ile inayoandikwa FT4. Vidonge vya thairoksini humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, wala havimezwi pamoja na vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki kwa wajawazito, kwa kuwa madini ya chuma huizuia dawa isifyonzwe; kati ya viwili hivyo zipite saa 4.

Prolaktini kuzidi ni habari tofauti, na kwa bahati njema ni nyepesi zaidi. Mwanamke asiyenyonyesha hutokwa na maziwa, hedhi yake huwa ya kubahatisha au hukoma, na mimba haishiki, kwa kuwa prolaktini ikiwa juu huzima homoni zinazochochea ovari. Maziwa yanayotoka bila mtoto huzua maneno ya uchawi na husuda, na wapo wanaoyaficha kwa miaka kwa kuogopa maneno hayo. Chanzo kimoja ni uvimbe mdogo wa pituitari yenyewe, ambao si saratani, nao ndio uvimbe wa tezi hiyo unaopatikana mara nyingi kuliko aina nyingine. Kabla ya kuufikiria, hata hivyo, daktari hutakiwa kuhakikisha kwamba mwanamke si mjamzito, kwamba thairoidi yake haijalegea, kwamba figo zake zinafanya kazi, na kwamba hatumii dawa inayopandisha prolaktini, kama vile metoklopramidi ya kuzuia kutapika, methaildopa ya shinikizo la damu, au klopromazini, haloperidoli na risperidoni zinazotumika kutibu maradhi ya akili. Anayetumia dawa za akili asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Abadilishiwe na aliyemwandikia.

Uvimbe usiofika milimita 10 huitwa mdogo, na unaofika au kupita hapo huitwa mkubwa, mpaka ambao si wa kinadharia tu, kwa sababu mkubwa huweza kupanda juu na kuibana mishipa ya macho. Mwanamke wa namna hiyo husoma vizuri maandishi yaliyo mbele yake, lakini hugonga bega kwenye fremu ya mlango, hamwoni anayetembea sambamba naye, na hushtuliwa na bodaboda iliyokuwa ikija kwa pembeni muda wote. Dalili hiyo, hasa ikiandamana na maumivu ya kichwa, haingoji foleni ya kliniki ya uzazi. Inahitaji barua ya rufaa kwenda mahali penye kipimo cha MRI, na kwa mkazi wa Rukwa njia ya kawaida ya rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kutoka hapo, ikibidi, Muhimbili.

Uvimbe wa prolaktini, hata mkubwa, kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge kabla ya kisu. Kabagolini humezwa mara moja au mbili kwa wiki, na bromokriptini kila siku. Ya pili ni ya zamani zaidi, na imetumika kwa wanawake wengi waliopata mimba kwa muda mrefu kiasi cha kuaminika. Zote mbili huleta kichefuchefu na kizunguzungu mwanzoni, kwa hiyo huanzwa kwa kiasi kidogo, usiku, baada ya chakula. Kwa wengi wenye uvimbe mdogo yai huanza kupevuka tena ndani ya miezi michache, na kwa kuwa yai hupevuka kabla ya hedhi kuonekana, mimba huweza kushika kabla mwanamke hajaona damu hata mara moja; anayechelewa kuona siku zake akiwa kwenye dawa hii apime mimba. Mwenye uvimbe mkubwa anashauriwa kutumia kinga mpaka uvimbe usinyae na macho yathibitishwe kuwa salama, kwa sababu ujauzito wenyewe huufanya uvimbe ukue: kwa uvimbe mdogo tatizo hilo humpata mwanamke mmoja hivi kati ya 40, ilhali kwa uvimbe mkubwa ambao haujatibiwa ipasavyo huweza kumpata mmoja kati ya 5 au zaidi. Upasuaji hubaki kwa wale ambao dawa zimewashinda au macho yao yanaharibika haraka, nao hufanywa kwa kupitia puani, bila kufungua fuvu, kazi ambayo madaktari wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam wamekwisha kuifanya.

Kwa mwanamke ambaye tezi yake imekufa, vidonge vya kurejesha kotisoli na thairoksini vikishampa nguvu, hatua ya uzazi inaweza kuanza, na hapa kosa la kawaida ni klomifeni. Vidonge hivi huwasaidia wanawake wengi ambao yai halipevuki, na hununuliwa hata bila cheti. Lakini vinafanya kazi kwa kuihimiza pituitari itoe FSH zaidi, na tezi iliyokufa haihimiziki. Kinachohitajika ni kumpa mwanamke FSH na LH zenyewe kwa sindano. Njia hii ilifunguliwa na Carl Gemzell wa Sweden, ambaye mwaka 1958 alieleza jinsi homoni iliyokamuliwa kutoka tezi za pituitari za maiti ilivyoamsha ovari za wanawake hai. Baadaye ikagunduliwa kwamba homoni hizohizo zimo kwa wingi katika mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, na dawa ikatengenezwa kutoka humo. Sindano huchomwa kila siku kwa wiki mbili hivi, wakati mwingine zaidi, huku mayai yakifuatiliwa kwa ultrasaundi, na yai likishakomaa huchomwa sindano nyingine ya kulipasua, kisha mume na mke hukutana kama kawaida. Baada ya hapo mwanamke hupewa projesteroni ya kuishikilia mimba changa. Kizazi kilichokaa miaka bila homoni huwa kimesinyaa, ndiyo maana daktari huweza kumpa kwanza estrojeni kwa miezi kadhaa ili kikue.

Matibabu haya hayafanyiki kwa kuchukua dawa Mbeya na kurudi nazo Namanyere. Bila ultrasaundi ya mara kwa mara, mayai huweza kupevuka manne au matano kwa pamoja, na mimba ya pacha au zaidi kwa mwanamke mwenye tezi mbovu ni mzigo mzito. Ovari nazo huweza kuvimba kupita kiasi hadi tumbo kujaa maji. Familia ijiandae kwa kukaa mjini, pengine Dar es Salaam, kwa wiki kadhaa, na gharama ya malazi ihesabiwe pamoja na ya dawa, kwa kuwa wengi hukwama katikati kwa kutoihesabu. Kabla ya kutumia shilingi moja katika sindano, mbegu za mume zipimwe na mirija ya mke ichunguzwe. Hakuna hasara inayouma kama kupevusha yai zuri lisiloweza kufikiwa.

Mirija ikiwa imeziba, au mbegu zikiwa dhaifu sana, hapo ndipo upandikizaji wa mimba unaofanyika maabara huhitajika, huduma inayotolewa na vituo binafsi nchini na ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo imeifungulia kituo. Jambo hili lina upande wake wa imani ambao katika Ufipa, yenye Wakatoliki wengi tangu enzi za wamisionari wa White Fathers, halifai kupitwa kimya. Kanisa Katoliki, katika hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987, lilikataa utungishaji wa mimba nje ya mwili, na wapo wanandoa wanaoacha matibabu yote kwa kudhani kwamba kila msaada wa uzazi umo katika katazo hilo. Sindano za kupevusha yai, zinazofuatwa na tendo la ndoa la kawaida, si upandikizaji. Hati hiyohiyo inatofautisha kati ya kulisaidia tendo la ndoa lifikie lengo lake na kulibadilisha kwa jingine. Wanandoa wenye shaka waulize kwa padre na kwa daktari, kila mmoja kwa eneo lake, kabla ya kukata tamaa.

Mimba ikithibitika, mwenye uvimbe mdogo wa prolaktini kwa kawaida huambiwa aache vidonge, na prolaktini haipimwi tena hadi baada ya kujifungua, kwa kuwa ujauzito huipandisha kwa kila mwanamke na kipimo hakina maana. Mwenye uvimbe mkubwa huweza kuendelea na dawa, na upana wa uoni wake hupimwa kila miezi mitatu. Maumivu mapya ya kichwa au giza pembeni mwa macho ni dharura kwa wote wawili.

Mwenye tezi iliyokufa haachi chochote. Thairoksini yake mara nyingi huongezwa, na kotisoli huweza kuhitaji kuongezwa katika miezi mitatu ya mwisho. Haidrokotisoni na prednisoloni hazimdhuru mtoto kwa dozi hizi, kwani kondo la nyuma hudhoofisha sehemu kubwa kabla haijamfikia. Deksamethasoni, inayopita moja kwa moja, haitumiki kama dawa ya kujazia pengo. Hatari kubwa ya miezi ya mwanzo ni kutapika: mwanamke anayetapika kidonge hana kotisoli siku hiyo, na akitapika mara mbili aende apate sindano, bila kungoja kesho. Akipata homa, malaria ikiwemo, dozi yake huzidishwa mara mbili mpaka apone, na utaratibu huo daktari anapaswa kumwandikia mapema.

Inashauriwa pia kwamba maneno machache yaandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi ya kliniki, na nakala yake ikae kwenye pochi, kwa sababu siku ya dharura mgonjwa anaweza asiweze kusema, na mhudumu wa zahanati huenda hajawahi kumwona. Maneno yenyewe yanatosha yakiwa hivi: «Mwili wake hautengenezi kotisoli. Akizimia, akitapika, akiumia au akianza uchungu, achomwe haidrokotisoni miligramu 100 mara moja, kisha apewe rufaa.» Sindano hiyo si ya kigeni, hutumika kwa pumu kali, na familia inayoishi mbali inaweza kumwomba daktari awape ya akiba.

Mama huyu hazalii nyumbani wala zahanati. Kizazi kilichodhoofika huweza kushindwa kujikaza, na aliyevuja damu mara ya kwanza yumo katika hatari ya kuvuja tena. Anatakiwa asogee karibu na hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji wiki kadhaa kabla ya siku yake ya kujifungua, akakae kwa ndugu aliye Sumbawanga au, kama daktari atakavyoona, Mbeya, ambako kitengo cha wazazi cha Meta kinapokea rufaa za kanda. Ndugu wawili watatu wajitolee damu mapema. Uchungu ukianza kabla ya wakati, namba ya bure 115 ya mfumo wa m-mama huita usafiri wa dharura. Si lazima azae kwa upasuaji. Anachohitaji ni haidrokotisoni tangu uchungu unapoanza na kwa saa zote zinazofuata, na damu inayotoka ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Utafiti mkubwa wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba kuikinga damu katika mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na kuanza tiba zote kwa pamoja mara tatizo linapoonekana, kulipunguza matukio mazito ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Mafanikio hayo yana maana mbili kwa Ufipa: akina mama wengi zaidi watapona, na wachache zaidi watapona wakiwa wamepoteza tezi.

Baada ya kujifungua, dozi ya kotisoli hurudishwa kwenye kiwango cha kawaida ndani ya siku chache. Mwenye uvimbe wa prolaktini anaweza kunyonyesha mradi macho yake hayana shida, nazo bromokriptini na kabagolini haziendi pamoja na kunyonyesha kwa kuwa hukausha maziwa. Aliyepoteza tezi huenda asiwe na maziwa kabisa, na hilo lisiwashtukize watu siku ya pili: namna ya kumlisha mtoto ipangwe na wauguzi kabla ya uchungu, na wanaomzunguka waambiwe kwamba maziwa hayakukosekana kwa uzembe wake.

Wapo ambao mimba haitashika hata baada ya yote haya, na wapo ambao, wakishapata nguvu, watachagua kutozifuata sindano. Hao nao wana matibabu ya kuendelea nayo. Kotisoli na thairoksini ni za maisha yote, na mwanamke asiye na hedhi kwa sababu ya pituitari huhitaji estrojeni pamoja na projesteroni mpaka afikie umri wa kawaida wa kukoma hedhi, ili mifupa yake isidhoofike mapema na mwili wake ubaki na uhai wa umri wake. Familia zilizozoea kuihesabu dawa kuwa ya mtoto huacha kuinunua mtoto asipopatikana, au anapokwisha kupatikana, na ni hapo ambapo wanawake hawa hupotea: wiki ya vidonge kwisha, homa ndogo, na safari ya hospitali iliyochelewa. Daktari wa Sumbawanga anayemwandikia mgonjwa wake prednisoloni amwandikie ya miezi mitatu kwa mkupuo mmoja, hasa masika yanapokaribia, na jina la mtu mwingine wa nyumbani anayejua dozi hiyo liandikwe kwenye faili.